Uzuri uliojificha Hawaii wataka mwenyeji, si ujasiri

WAKENYA wengi walianza kulisikia jina la Hawaii kwa sababu ya Barack Obama. Babake alitoka huku kwetu akaenda kusoma katika Chuo Kikuu cha Hawaii mwaka 1959, na mtoto akazaliwa mjini Honolulu tarehe 4 Agosti 1961. Tangu tulipopata habari hizo, Hawaii kwetu imekuwa nchi ya picha: ufuo, minazi na mashada ya maua shingoni. Picha hizo si za uongo, lakini ni za mtalii wa siku saba.

Makala haya hayamhusu mtalii huyo. Yanamhusu mtu anayekwenda kuishi huko kwa masomo, kwa kazi ya uuguzi au kwa kumfuata mwenzake wa ndoa, kisha baada ya miezi michache anaanza kutafuta mahali pazuri pasipo na watu. Huenda wewe msomaji ukawa mtu huyo mwaka ujao. Huenda ni mwanao au dadako aliye huko hivi sasa.

Mimi niliishi miaka miwili katika mji unaoitwa Hilo (ndiyo, jina lake ni Hilo) kwenye kisiwa kikubwa ambacho ndicho hasa chenye jina la Hawaii. Kisiwa hicho kinavishinda kwa ukubwa visiwa vingine vyote vya jimbo hilo vikiunganishwa pamoja. Mke wangu alikuwa akisoma, nami kwa kuwa cheti changu cha udaktari hakikuniruhusu kutibu watu Marekani, nilipata wakati mwingi wa kutembea. Katika kutembea huko nilifikia kauli moja ambayo ningependa uipime mwenyewe: mahali pazuri pasipojulikana ni dawa, na kama dawa yoyote ile, pana kipimo chake. Anayekijua kipimo hicho ni mwenyeji.

MKAZI MPYA NDIYE ALIYE HATARINI

Chukua watu watatu waliofika kwenye ukingo wa mto. Wa kwanza ni mtalii. Huyu ana hofu, husoma kila kibao na hakai mbali na gari lake. Wa pili ni mwenyeji. Yeye anaujua mto. Wa tatu ni mkazi mpya, ambaye hana tena hofu ya mtalii na bado hana ujuzi wa mwenyeji. Amekwisha kuzoea barabara, anajua duka linalouza samaki wabichi, na amechoka kutazama maporomoko ya Waianuenue ambako mabasi ya watalii hushusha watu kila asubuhi. Sasa anataka mahali pake peke yake. Anafuata njia nyembamba ya vichakani na kufurahi kwamba hakuna mtu mwingine.

Kwake, kutokuwa na mtu ndio uzuri wenyewe. Kwangu mimi daktari, kutokuwa na mtu ni habari ya kwanza ninayoiandika kwenye kadi ya mgonjwa. Mahali pasipojulikana maana yake ni mahali pasipo na mlinzi wa ufuo, pasipo na kibao cha kuonya na, mara nyingi, pasipo na mtandao wa simu. Mtu aliyevunjika mfupa wa paja anaweza kupoteza zaidi ya lita moja ya damu ndani ya mguu bila ya tone moja kuonekana nje. Aliyezama ana dakika chache tu.

Tazama mfano wa Papakolea, ufuo wenye mchanga wa kijani ulio karibu na Ka Lae, ncha ya kusini kabisa ya majimbo ya Marekani. Rangi hiyo hutokana na madini yaitwayo olivini ambayo mawimbi huyachambua kutoka kwenye kilima cha majivu ya volkano. Ni mahali pa ajabu. Lakini kutoka mahali pa kuegesha magari unatembea karibu kilomita nne kwenda na nne kurudi, juani, hakuna mti wala bomba la maji. Hospitali kubwa ya Hilo iko mbali kwa zaidi ya saa moja na nusu ya gari. Anayekwenda na chupa moja ndogo ya maji, na viatu vya kuogea miguuni, amejitakia mwenyewe.

MTO UNAOKUJA JUA LIKIWAKA

Hilo hupata zaidi ya milimita 3,000 za mvua kwa mwaka, takriban mara tatu ya mvua ya Nairobi. Mto unaopita mjini unaitwa Wailuku. Katika lugha ya Kihawaii, wai ni maji baridi, na jina zima linamaanisha maji ya maangamizi. Wazee hawakulitoa jina hilo kwa mzaha. Mto huo hushuka kutoka miteremko ya mlima Mauna Kea, na mvua ikinyesha huko juu, maji yanaweza kujaa mjini ghafla huku jua likiwaka na watoto wakirukaruka kwenye vidimbwi. Katika sehemu moja, maji hupita chini ya mwamba wa lava na kuibuka mbele. Mtu akivutwa huko, hata mwogeleaji hodari hana la kufanya.

Jirani yetu mmoja, mvuvi mzee, ndiye aliyenifundisha dalili. Huko wazee huitwa mjomba na shangazi na kila mtu, hata asiye wa ukoo, jambo ambalo Mkenya halimpi taabu. Mjomba huyo aliniambia nisitazame maji ya mahali niliposimama, nitazame yale yanayokuja. Yakigeuka rangi na kuwa ya udongo, yakianza kubeba majani na vijiti, au ukisikia mngurumo kama wa lori huko juu, usikusanye nguo. Panda mwinuko papo hapo. Na kama mto umejaa baada ya wewe kuvuka, kaa upande huo uliopo. Kulala na njaa usiku mmoja hakujamuua mtu mzima mwenye afya.

Usidhani ni maneno ya vitisho. Katika kisiwa cha Kauai, mwezi wa Aprili 2018, mahali paitwapo Waipa palipata milimita 1,262 za mvua kwa saa 24. Kwa kawaida Nairobi haipati mvua kiasi hicho kwa mwaka mzima. Wakazi na wageni walitolewa kwa helikopta. Nasi Wakenya tunalo kovu letu: Septemba 2019, maji ya ghafla katika korongo la Hell's Gate, Naivasha, yaliwaua watu saba. Mvua ilinyesha mahali pengine, maji yakapita korongoni.

Korongo lina hatari nyingine juu ya kichwa. Tarehe 9 Mei 1999, katika kisiwa cha Oahu, mawe yaliporomoka kutoka ukutani mwa bonde la Sacred Falls na kuwaangukia watu waliokuwa wamekaa chini ya maporomoko. Watu wanane walikufa na wengine wengi kujeruhiwa. Bustani hiyo ilifungwa na haijafunguliwa hadi leo. Hata hivyo, wapo wanaouruka ua kwa sababu wamesikia kwamba ndani ni pazuri na hakuna watu. Hakuna watu kwa sababu gani? Hilo ndilo swali wasilojiuliza.

BAHARI ISIYO NA UKUTA

Mkenya aliyejifunza kuogelea Nyali au Diani ana mazoea mabaya ambayo hayajui. Pwani yetu ina mwamba wa matumbawe unaovunja nguvu ya mawimbi huko mbali, nasi tunaoga ndani kama tulio kwenye birika. Kisiwa cha Hawaii ni kichanga kwa umri wa miamba, bado kinajengwa na volkano, na sehemu nyingi za pwani yake hazina ukuta wa namna hiyo. Bahari huwa na kina kirefu karibu kabisa na nchi, na wimbi lililosafiri maelfu ya kilomita hupiga jabali likiwa na nguvu zake zote.

Kwa hiyo, kabla ya kuteremka kwenye ufuo usioujua, kaa juu uitazame bahari kwa dakika 20 hivi. Mawimbi makubwa huja kwa mafungu, na kati ya fungu na fungu maji hutulia kama ya ziwa. Ukiona mwamba umelowa, jua kwamba wimbi hufika pale hata kama hukuliona. Usiipe bahari mgongo. Na mwenzako akichukuliwa na maji, mtupie kitu kinachoelea na uite msaada. Anayejitosa bila ya chochote mara nyingi huwa maiti wa pili.

Jambo jingine ni tsunami. Laupahoehoe ni rasi nzuri sana kaskazini mwa Hilo, yenye mawe meusi na povu jeupe, na watalii wengi huipita bila ya kuteremka. Tarehe 1 Aprili 1946, bahari ilirudi nyuma hapo na kuacha sakafu yake wazi. Baadhi ya watoto wa shule walishuka kutazama. Maji yaliporudi yaliwachukua watoto pamoja na walimu. Katika visiwa vyote vya Hawaii walikufa watu 159 siku hiyo. Pana mnara wa ukumbusho. Nenda ukausome, kisha umfundishe mwanao kwamba bahari ikikimbia, naye akimbie, lakini kuelekea juu.

MLIMA UNAOPANDWA KWA GARI

Mauna Kea una urefu wa mita 4,207. Karibu kiasi hicho ndicho kimo cha kambi ya Mackinder katika Mlima Kenya, ambayo mpandaji hufika baada ya kulala njiani ili mwili uzoee. Huko Hawaii unaweza kunywa chai ufuoni Hilo na baada ya saa mbili ukawa kileleni, umeketi garini. Mapafu hayajui kwamba umekuja kwa gari. Kileleni, oksijeni unayoivuta kwa kila pumzi imepungua kwa takriban asilimia 40.

Ndiyo sababu wageni hushauriwa kutua kwenye kituo kilicho mita 2,800 kwa nusu saa au zaidi. Mjamzito, mtoto mdogo, mgonjwa wa moyo au wa mapafu asipite hapo. Aliyepiga mbizi kwa mitungi ya hewa asipande kabla ya saa 24 kupita. Kichwa kikiuma, ukitapika au ukianza kuyumba kama mlevi, tiba ni moja: shuka. Usimeze vidonge ukaendelea.

Nikuambie pia kwamba si lazima kilele. Chini yake, kando ya barabara inayokata kati ya milima miwili, pana kilima kidogo kiitwacho Puu Huluhulu. Lava ilikizunguka, miti yake ikasalia. Unapanda kwa muda mfupi na kuona Mauna Kea upande mmoja na Mauna Loa upande wa pili. Kwa moyo wa mtu wa miaka 60, hicho ndicho kilele chake.

WADUDU WASIOONEKANA PICHANI

Kidimbwi safi cha msituni kinaweza kuwa na vijidudu vya leptospira, vinavyotoka kwenye mikojo ya panya, nguruwe-mwitu na wanyama wengine. Wenzetu Watanzania huuita ugonjwa huo homa ya mgunda, na nasi tuliuona wilayani Bungoma mwaka 2004. Vijidudu huingia kupitia jeraha dogo, macho, pua au mdomo. Baada ya siku mbili hadi 30 huja homa, maumivu makali ya misuli ya miguu na macho mekundu. Ukiuchelewesha, huweza kuharibu ini na figo. Dawa zake ni za kawaida na hufanya kazi vizuri zikianza mapema. Tatizo ni kwamba daktari hatakisia ikiwa hukumwambia uliogelea mtoni. Mwambie. Na ukiwa na kidonda, usiingie majini.

Kisha kuna mnyoo wa mapafu ya panya, ambaye hupatikana katika konokono na makoa. Mtu humeza koa mdogo aliyejificha kwenye jani la mboga mbichi, na mnyoo hupanda hadi kwenye ubongo. Maumivu ya kichwa huwa makali mno, shingo hukakamaa na ngozi huwasha kama inachomwa sindano. Kisiwa cha Hawaii kinajulikana kwa ugonjwa huu. Osha kila jani peke yake, wala usile matunda yaliyoanguka njiani bila ya kuyaosha na kuyakagua.

Kuhusu mbu, Hawaii haina malaria, lakini kati ya 2015 na 2016 homa ya dengi iliwapata watu 264 kisiwani humo. Miongoni mwa sehemu zilizofungwa ni fuo za Hookena na Milolii, ambazo ni vijiji tulivu vya wavuvi, hasa aina ya mahali ambapo mkazi mpya hupenda kukimbilia. Aidha, mwenye pumu aulize volkano ya Kilauea ina hali gani na upepo unavuma wapi, kwa maana moshi wake wenye salfa huweza kumbana kifua. Asiiache dawa yake ya kuvuta nyumbani.

KAPU SI NENO LA KUFUMANIA

Utakutana na kibao kilichoandikwa neno moja: KAPU. Maana yake ni marufuku, na pia ni mwiko. Huenda ni shamba la mtu, huenda ni makaburi, huenda ni mahali pa ibada. Mkazi mpya hukipita akisema kwamba ardhi ni ya Mungu. Nauliza: je, ungefurahi mgeni akiingia kayani bila ya hodi ili apige picha?

Bonde la Waipio lina barabara yenye mteremko mkali ajabu, wa asilimia 25. Mwezi wa Februari 2022 serikali ya kaunti iliwafungia wageni barabara hiyo kwa sababu ya usalama, na baadaye mwaka huo wakaruhusiwa wakazi wa kisiwa pamoja na wale wanaoletwa na kampuni za watembezaji. Wapo wakazi wapya wanaonung'unika kuhusu hatua kama hizi. Mimi naziunga mkono. Wenyeji ndio wanaoitwa usiku kumtafuta aliyepotea, na ndio wanaojitosa majini kumwokoa asiyewajua hata kwa jina. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Huko niliona kwamba mara nyingi ni mwenyeji anayemponya mgeni, na hulipwa kwa takataka zilizoachwa njiani.

Kwa sababu hiyo hiyo, sioni vyema kutangaza njia ya kila kidimbwi unachokipata. Unayemwelekeza hukumpima. Hujui kama anajua kuogelea wala kama ana ugonjwa wa moyo.

DAWA NINAYOKUANDIKIA

Kuna atakayesema kwamba daktari huyu anawafungia watu nyumbani. La hasha. Najua vyema kwamba shinikizo la damu na kisukari vinamngoja aketiye kitini mchana kutwa, na kwamba Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima afanye mazoezi ya kadiri kwa angalau dakika 150 kwa juma. Najua pia upweke wa anayeishi ughaibuni, jinsi chumba kinavyomlemea Jumapili jioni. Kutembea mahali pazuri huutibu upweke huo kuliko vidonge vingi nilivyowahi kuandika. Ndiyo sababu nasema nenda, lakini anza na kipimo kidogo.

Anza na Mokuola pale Hilo, kisiwa kidogo unachokifikia kwa daraja la miguu. Jina lake ni kisiwa cha uhai, na Wahawaii wa kale walikuwa wakienda hapo kutafuta uponyaji. Nenda Onekahakaha, ambako ukuta wa mawe umezuia mawimbi na mlinzi wa ufuo yupo. Nenda msitu wa Kalopa karibu na Honokaa, uone miti ya ohia yenye maua mekundu. Nenda Kipuka Puaulu, njia ya duara ya kilomita mbili hivi, ambako ndege huimba na watalii ni wachache kwa sababu wote wamekimbilia kuona moto wa Kilauea. Safisha viatu kabla na baada, kwa sababu kuna ugonjwa wa ukungu unaoiua miti ya ohia.

Ukiisha kuyazoea hayo, mtafute mjomba au shangazi. Wapo sokoni, kanisani, kwenye gati la wavuvi. Msalimu, msaidie kubeba mzigo, usikimbilie kuuliza siri. Siku moja atakuuliza kama umewahi kufika mahali fulani, na atakupeleka mwenyewe. Akikuambia leo hapana, usimbishie. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na huko anakovunjikia hakuna gari la wagonjwa.

Kila utokapo, mwachie mtu nyumbani jina la mahali unapokwenda na saa utakayorudi. Chukua maji zaidi ya unayodhani yatatosha. Usiende peke yako. Na ewe mzazi uliye hapa Kenya, mwanao akikupigia simu kutoka ng'ambo na kukusimulia kuhusu mahali pazuri alipopavumbua, usimwulize tu kama amepiga picha. Mwulize ni nani aliyempeleka.